Masikio ya Kina Ndaki

Sehemu ya Tisa

Wiki jana tulimwacha Rebeka Ndaki kwenye benchi la mama lishe, machimboni Nyangulu, mkoa wa Geita, ubwabwa ukimpoea mbele yake. Ndiyo kwanza alikuwa amewatumia marafiki zake wawili wa tangu shule, Anisia na Herman, kwenye kundi lao la simu, maneno tisa: "Nimeacha kazi. Nipo Nyangulu. Leo ninashika nyundo ya baba."

Kabla kijiko hakijafika mdomoni, simu ikamwonyesha mstari ambao hakuutegemea. Herman amemwongeza Maige.

Maige! Baba yake mdogo! Mtu yuleyule ambaye Anisia, dakika mbili tu nyuma, alikuwa amemwita kenge aliyevaa kofia ngumu, kwenye kundi hilohilo.

Wewe msomaji ulipata wiki nzima ya kupumua. Rebeka hakupata hata dakika.

Ujumbe huu umefutwa, simu ikaandika. Ujumbe huu umefutwa. Ujumbe huu umefutwa. Anisia alikuwa anafuta kama mtu anayezima moto kwa kanga, asijue kwamba anayeongezwa leo haoni ya jana. Alipomaliza kufuta, akafungua kundi jingine haraka, wao watatu tu, akalipa jina Benchi Bila Mzee, na humo ndimo alimommwagia Herman maneno kwa sauti.

"Herman, una akili wewe? Umemleta mzee kwenye kundi la vijana? Mimi nitamwangalia na uso gani?"

"Uso uleule unaowaangalia nao wajawazito," Herman alijibu bila haraka. Herman hajawahi kuwa na haraka. Alisoma seminari miaka sita, akabakiza miwili awe padre, akaacha, na sasa ana saluni ya kunyoa karibu na geti la Mwadui. "Jambo la mtoto kuacha ajira halijadiliwi na watoto watupu. Lazima mkubwa awepo. Baba yake amekufa. Aliyebaki ni Maige."

"Huyo mkubwa alimfukuza Rebeka kwenye shimo la duara siku ya Pasaka!"

"Ndiyo maana nimemleta. Wakamalizane mbele ya mashahidi."

Rebeka alisikiliza, akasukuma sahani pembeni. Hasira ilimpanda, kisha ikashuka, maana Herman alikuwa na haki. Akarudi kwenye kundi la kwanza, akabonyeza kipaza sauti, akasema kwa adabu yote aliyolelewa nayo kule Didia: "Shikamoo, baba mdogo. Ni mimi Rebeka."

Herman naye akatuma yake kwa sauti. Anisia naye, kwa sauti nyembamba ambayo wagonjwa wake wa Ushirombo wasingeitambua. Kwa sauti, si kwa kuandika. Mzee haandikiwi shikamoo kwa vidole kama anayeagizwa sabuni.

Vialama vitatu vya kipaza sauti vikageuka bluu. Maige amefungua zote tatu.

Kimya.

Dakika moja. Dakika mbili. Dakika tano, na marahaba haikuja.

"Hajaitikia," Anisia alinong'ona kwenye kundi la pembeni. "Jamani, mzee kasikia shikamoo tatu na hajaitikia hata moja."

Sihitaji kukueleza uzito wake. Kwao, mzee anayesikia shikamoo akaibania marahaba amekufungia mlango na kuweka kabati nyuma yake. Ni kukukana bila kufungua kinywa. Rebeka alihisi machozi yanakuja, akayakatalia palepale.

"Na anikane," alisema. "Duara namba saba litaanguka hata kama amenikana."

Hilo ndilo jambo lenyewe, msomaji, na kama ulikosa gazeti la wiki mbili zilizopita, lishike hapa. Siku ya Pasaka Rebeka alisimama kwenye mdomo wa duara namba saba, shimo alilofanyia kazi marehemu baba yake, akasikia mti wa ndani ukinung'unika. Akasema. Hakuna aliyemwamini. Na kila siku saa sita na nusu mchana, watu kumi na mmoja wanashuka humo.

"Sasa wewe nikuulize," Anisia aliendelea, maana akiogopa lazima aongee. "Masjala ya halmashauri. Kiti cha kuzunguka. Feni juu ya kichwa. Mtu anaacha ajira ya kudumu akagonge miti shimoni! Nani kakuroga?"

"Hajarogwa, ni damu," Herman alidakia. "Kwetu kuacha kazi ni kama upara. Babu alikuwa anachambua almasi hapahapa Mwadui, siku moja akaweka koleo chini, akaenda kulima pamba. Baba akaikuta pamba, akaiacha akawa fundi saa. Mimi nimeacha kanzu nimeshika mashine ya kunyolea. Unaamka tu asubuhi, kitu kimeshadondoka."

"Kwetu sisi ni miguu," Anisia alisema. "Miguu mipana kama ya bata, wanawake wote. Bibi mkunga, mama mkunga, mimi nesi wa wodi ya wazazi. Tumesimama palepale miaka sitini, hakuna aliyewahi kuacha kitu."

"Uliwahi kutaka?"

"Usinitafute, Herman."

Rebeka akacheka bila kupenda. "Kwetu ni masikio. Mnajua wenyewe."

Walijua. Nani asiyejua? Darasani Didia walimwita Antena. Kina Ndaki wana masikio mapana yaliyojitenga na kichwa kana kwamba yamegombana nacho, na si pambo. Babu wa babu yao alikuwa mmoja wa wanunguli, wale Wasukuma waliomfuata nungunungu mpaka ndani ya shimo lake. Kabla ya kuingiza kichwa, alilaza sikio chini akasikiliza kama mwenye nyumba yumo. Alikosea mara moja tu maishani, na kovu la mwiba alizikwa nalo shavuni.

Sikio hilo likashuka mpaka kwa Stanslaus Ndaki, baba yake Rebeka, fundi wa matimba. Matimba ni ile miti inayozuia kuta za shimo zisije zikakumbatiana na wewe ukiwa katikati. Kila siku Stanslaus alishuka peke yake, akagonga safu zote kumi na nne kwa nyundo, akasikiliza. Mti mzima hujibu kwa ukavu. Mti uliochoka hunung'unika. Akipanda juu akasema "Pigeni kazi," wachimbaji wanashuka. Asiposema, hakuna anayeshuka hata kama mwamba unameremeta. Miaka kumi na minane, hakuna hata mmoja aliyevunjika kidole.

Likizo za shule alimketisha binti yake pembeni, akamfunga macho kwa kitambaa, akagonga magogo mbalimbali amtajie lipi zima na lipi bovu. Mtoto wa darasa la sita akawa hakosei.

Stanslaus alipofariki mwaka jana, nyundo ikaenda kwa mdogo wake. Hakuna aliyemjaribu Maige kwa kitambaa. Jina lilikuwa Ndaki, basi. Watu wale wako radhi kuhoji uchaguzi, mahubiri na hata mizani ya mnunuzi wa dhahabu, lakini hawakuwahi kulihoji sikio la Ndaki.

Rebeka alirudi kundi la kwanza. Kusema kumeshindikana, akaandika: "Baba mdogo, nakuja duarani leo. Nataka kugonga safu zote kabla watu hawajashuka."

Jibu likaja hapohapo, herufi kubwa tupu. "USIJE. DUARA HALIINGIWI NA SKETI."

"Nimevaa suruali," Rebeka aliandika.

"BABA YAKO ANGEKUWEPO ANGEKUCHAPA."

"Baba yangu ndiye aliyenifundisha."

"RUDI KAZINI KWAKO."

"Sina kazi. Barua imegongwa muhuri Jumatatu. Kazi yangu ipo hapo ulipo."

"Ewaa!" Herman alishangilia kule pembeni.

Lakini Anisia hakushangilia. Alikuwa ametulia ghafla, na Anisia akitulia jua kuna jambo. Sauti yake iliporudi haikuwa ya rafiki. Ilikuwa ya nesi.

"Ngojeni. Mzee wa miaka sitini na tatu. Wazee wa umri ule wanachukia kuandika, wanakutumia voisi za dakika nane. Huyu tumemtumia voisi tatu, kazifungua zote, kanyamaza. Ukiandika, anajibu kabla hujavuta pumzi. Rebeka, kabla ya kurithi nyundo alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mashine ya kutobolea mwamba. Miaka ishirini na kitu."

"Bila kuziba masikio?"

Mkono wa Rebeka ulikuwa umepanda wenyewe ukashika sikio lake la kulia.

"Wodi ya wanaume kila mwezi tunawapokea watu wa hizo mashine," Anisia alisema taratibu. "Wanaitikia kwa kichwa. Wanacheka ukicheka. Ukigeuza uso, hawana habari nawe. Mpigie kwa video, Herman. Sasa hivi. Nataka kumwona."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie lolote! Si hasikii!"

Herman akapiga kwenye kundi la pembeni, akamuunganisha Maige. Simu ikaita, ikaita, kisha uso wa Maige ukajaa kwenye kioo, kofia ngumu kichwani, jua nyuma yake, masikio ya ukoo yamesimama huku na huku.

"Ee, nawaona," alisema kwa nguvu mno. "Msinichoshe. Nina kazi."

"Shikamoo baba mdogo," wakasema wote watatu.

"Mwambieni mwenzenu arudi Shinyanga. Hapa si mahali pake."

Nyuma yake mchimbaji mmoja alikuwa anakiendea kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Ni kengele ya zamu. Akanyanyua nondo, akapiga.

Sauti ile ilipasua simu. Herman akafumba macho. Anisia akaisogeza simu mbali. Mama lishe aliyekuwa nyuma ya Rebeka akashtuka, mwiko mzima wa mchuzi ukamwagika chini. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Maige, hatua nne tu kutoka kwenye reli, hakupepesa jicho. Aliendelea kuongea huku kengele ile ikilia, kama mtu aliyesimama kanisani. Ni pale tu alipoona watu wanajongea mbele yake ndipo akageuka, akatazama, akaelewa.

"Saa imefika. Nashuka kugonga," alisema, na kioo kikawa cheusi.

"Gashinaga!" Herman akatoa Kisukuma kilichomshinda kumeza. "Kumbe! Mzee ni kiziwi."

Kiziwi anagonga miti na kusikiliza. Kiziwi anapanda juu na kusema pigeni kazi. Miezi kumi na minne watu wanashuka kwa neno la mtu asiyesikia kitu. Na marahaba zile hakuzibania. Shikamoo hazikumfikia.

Rebeka alimwonea huruma, na huruma ile ikamkera, maana alikuja na hasira nzuri iliyonolewa tangu Pasaka na sasa haikuwa na pa kukata. Alishaanza kukimbia. Akaita bodaboda kwa mkono wenye simu.

"Namba saba! Twende, kaka, twende!"

"Kule dada hawaruhusu—"

"Nimekuuliza?"

Pikipiki ikaruka. Kundi la Benchi Bila Mzee likabaki hewani, simu iko mfukoni mwa shati, Anisia akipiga kelele kifuani mwake kama moyo wa pili.

Duara namba saba lilikuwa limezungukwa. Wachimbaji kumi na mmoja, viatu vya mpira, tochi kichwani, wanasubiri. Mbele yao Magesa, msimamizi wa duara, mtu mpana mwenye filimbi shingoni. Maige hakuwepo. Kamba ilikuwa imeshuka shimoni, imelegea.

"Simama hapohapo," Magesa alisema. "Unajua mwiko."

"Baba mdogo yuko wapi?"

"Ameshuka kugonga. Mwanamke haingii duarani. Dhahabu itahama."

"Dhahabu haina miguu, Magesa. Mtoe mzee shimoni. Hasikii."

Kicheko kikapita kwa wachimbaji, kisha kikafa. Lilikuwa neno zito. Mtoto amesimama mchana kweupe anamvua nguo mzee wake mbele ya wanaume.

"Rudia," Magesa alisema polepole.

"Baba yangu mdogo hasikii. Ni kiziwi. Nimemwona kengele ikipigwa mgongoni kwake, hakutikisika."

"Maige ni Ndaki!"

"Na mimi ni nani?"

Aliyejibu alikuwa mchimbaji mwenye mvi, Raphael, aliyekuwa amechuchumaa juu ya kiroba. Hakuinua kichwa.

"Mwezi wa pili nilifiwa na mwanangu," alisema. "Nikamfuata Maige nimwambie. Nikamwambia, mzee mwenzangu, mtoto amekufa. Akacheka. Akanipiga begani, akapita. Tangu siku ile sijamsalimia. Nilisema huyu mtu ana roho ya fisi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Kumbe hakunisikia."

Wachimbaji wakatazamana. Magesa hakumtazama yeyote. Alitazama viatu vyake, na Rebeka akaliona hilo, ila hakuwa na nafasi ya kulifikiria.

Kwa sababu kutoka chini, kupitia kwenye miti, pigo la kwanza la nyundo lilikuwa limefika.

Rebeka akajitupa chini. Alilala kifudifudi kwenye tope, akaweka sikio juu ya gogo la mdomo wa duara, akafumba macho. Yule karani wa masjala wa wiki iliyopita, na faili zake zilizopangwa kwa herufi, hakuwepo tena.

"Inuka hapo!" Magesa alifoka.

"Kelele!" alifoka Raphael.

Ko. Safu ya kwanza, kavu. Ko. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ilikuwa na unyevu kidogo, lakini nzima. Ya tano.

Nyundo ikagonga ya sita, na mti haukujibu ko. Ulijibu kwa chini, kizito, kisha ukafuatia mlio mdogo mkavu, kama bisi ya kwanza kupasuka sufuriani. Kisha mwingine.

"Ondoka hapo, baba mdogo," Rebeka alinong'ona. "Umeusikia huo. Tafadhali sema umeusikia."

Ko. Safu ya saba. Amepita.

"Baba mdogo!" Sasa alikuwa anapiga kelele mdomoni mwa shimo kwa nguvu zote alizonazo. "Baba mdogo, panda! Ya sita inakatika!"

Mwangwi ukajibu. Ko. Safu ya nane.

"Vuteni kamba!"

"Ameiachia kituo cha kwanza," mchimbaji mmoja alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Kutoka pale anashuka kwa kukanyaga miti. Huwa tunamwita kwa sauti."

Kwa sauti! Rebeka alisimama, akafunga kamba kiunoni kama baba yake alivyokuwa akifunga, mafundo mawili na moja la kuapia. Magesa akamdaka mkono.

"Ukikanyaga humo ndani, mimi sikujui. Duara hili litafungwa kwa ajili yako. Na hakuna mtu wangu hata mmoja atakayekufuata."

"Sijaomba kufuatwa."

"Mwiko—"

"Mwiko umewalinda lini? Mmelindwa miaka kumi na minane na sikio la baba yangu. Mkamzika, mkabaki na jina. Sasa sikio ni hili hapa, na linashuka. Niachie mkono, Magesa, au nikung'ate mbele ya watu wako."

Akaachiwa.

Mfukoni mwa shati sauti ya Anisia ilikuwa bado inaunguruma. Rebeka akaitoa simu. Rafiki zake wawili walikuwa kwenye kioo, Herman midomo inacheza kimyakimya, mtu aliyeacha kanzu lakini Salamu Maria haijamwacha.

"Rebeka," Anisia alisema. "Kama nesi, nakukataza kabisa."

"Nimesikia."

"Kama rafiki, vaa kofia."

Rebeka akaangalia kofia kumi na moja zilizomzunguka. Kumi hazikusogea. Raphael akaivua yake, yenye tochi, akamvalisha kwa mikono yake mwenyewe, akapokea simu, akaishika kamba.

"Shuka, mwanangu. Mimi nakushika."

Mwanamke akaingia duarani. Mbingu haikuanguka.

Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Joto likampokea, na harufu ya baruti ya juzi. Aliogopa, nisikudanganye. Kituo cha kwanza akafungua kamba, kama wanavyofanya wote, akaanza kukanyaga miti. Ya nne. Ya tano.

Kwenye ya sita akawasha tochi ya kofia, akaona. Gogo la kushoto lilikuwa na ufa unaoweza kumeza kidole, na kila nyundo ya chini ilipolia, vumbi jembamba lilitoka humo. Ili kumfikia Maige lazima apite chini yake. Akapita, tumbo ndani, pumzi kifuani.

Alimkuta safu ya kumi, ameshanyanyua nyundo. Hakujisumbua kuita. Akamshika mkono.

Maige akageuka. Akaona sketi aliyoikataza, imevaa suruali na kofia ya Raphael. Uso ukamvimba.

"Yaya! Hapana! Toka shimoni!"

Rebeka akatikisa kichwa. Akakichukua kiganja cha mzee, kigumu kama gome, akakibandika kwenye mti, akakikandamiza kwa chake.

Mti ulikuwa unatetemeka. Taratibu, kama ng'ombe mwenye homa.

Waliangaliana chini ya mwanga wa tochi mbili. Hasira ya Maige ilimtoka usoni kidogo kidogo, na kilichobaki nyuma yake kilikuwa aibu, aibu ya mtu mzima aliyeibeba peke yake mpaka mgongo ukapinda. Rebeka alitaka kulia. Alitaka pia kumtikisa mpaka meno yagongane.

Akaonyesha juu. Akaonyesha vidole sita. Akavunja kijiti cha hewani kwa mikono miwili.

Mzee akaelewa. Midomo ikamcheza.

"Ng'wanawane," alisema, safari hii kwa sauti ndogo, mtu asiyejua tena sauti yake inafika wapi. "Mwanangu. Nilitaka kuiacha hii nyundo tangu Januari. Nilimwambia Magesa, masikio yamekufa, tafuta mwingine. Akaniandikia kwenye karatasi: kaa hapohapo, ukiondoka nasema kwamba wewe ndiye uliyewaua watu wa namba tatu kwa masikio yako mabovu."

Namba tatu! Watu wanne waliofukiwa mwezi wa kwanza, ambao Nyangulu nzima iliambiwa ni mvua!

Rebeka akafungua kinywa kuuliza. Juu yao, safu ya sita ikakatika.

Hakuona kitu. Alisikia tu: gogo, kisha udongo, kisha gogo la pili, kisha kishindo kilichomsukuma ukutani na mzee kifuani mwake. Vumbi likazima tochi zote mbili. Lile duara dogo la mchana lililokuwa juu ya vichwa vyao likafutika.

Alikohoa, akapapasa. Maige yupo. Anapumua. Nafasi yao ilikuwa kubwa kiasi cha chumba cha choo.

Akalaza sikio kwenye mwamba.

Mbali sana, upande wa pili wa udongo wote ule, kulikuwa na sauti. Sikio jingine lolote lisingeipata. Ilikuwa sauti ya Magesa, tulivu, ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Wamekwisha hao. Na mwiko wenyewe mmeuona. Wekeni makoleo chini, wote, twendeni."

Rebeka akabana pumzi, akakandamiza sikio mpaka likauma, asikilize kama kuna atakayebisha.